Kilomita Saba kwa Lita

Pikapu ndogo ilikuwa ikienda kilomita kumi na mbili kwa lita. Dereva aliandika kila safari kwa chaki ndani ya mlango: kumi na mbili, kumi, saba.

"Saba, tena bila mzigo?" alifoka kaka yake, mwenye gari. "Kikulacho ki nguoni mwako! Leo nachomelea kufuli kwenye mfuniko wa tangi."

Dereva akajilaza chini ya gari kutafuta sababu. Tone la baridi likamdondokea kwenye nyusi. Akanusa: petroli. Shati lilikuwa limelowa mgongo mzima, naye alidhani ni jasho.

"Kaka, subiri!"

"Nisubiri uyamalize mafuta?" Kaka akacheka, akashusha kinyago usoni. "Fumba macho, mdogo wangu. Cheche zisikuumize."