Mgeni wa Ukumbini

Siku hizi kila mfanyakazi wa kampuni sharti aishi na wenzake ndani ya Ukumbi, mtandao wa kazi ambamo watu huongea kwa mawazo, bila kufungua mdomo, hata wakiwa nyumbani. Ukumbi wa kampuni yake aliujenga Zaituni mwenyewe, na waliomo wakapendana kama ndugu. Mumewe Kombo, muoka mikate, kila siku alimwona mezani macho yakimng'aa kwa mazungumzo asiyoyasikia, na wivu ukamla.

"Wana nini ambacho mimi sina?" akamuuliza.

"Ingia uone," Zaituni akasema, akampachika kidude sikioni.

"Karibu, shemeji!" sauti zikamlaki. "Na yule mdogo wako, mmepatana?"

Ugomvi ule Kombo alimnong'oneza mkewe tu, kitandani. Alitaka kuwaka, lakini walimuuliza kwa upole mno hata akajikuta akiwaeleza yote, tena akiongeza na mzaha. Zaituni akaangua kicheko mle Ukumbini, kicheko ambacho Kombo hakukisikia tangu waoane.

Akainua macho. Mkewe alikuwa mbele yake anatafuna wali, hata tabasamu hana.

"Zaituni," akamwita kwa mdomo.

"Sema," sauti ya mkewe ikamjibu sikioni. "Tunakusikia."