Bwawa Linalobisha Hodi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nasema mwenyewe kabla mke wangu hajawaambia. Huku kwetu chini ya bwawa, lango lake la maji halifunguki mpaka kila nyumba iitikie karibu. Mvua zilipozidi, spika ya bwawa iliyo ukutani kwa kila nyumba ikaita, “Hodi wenyewe! Nifungue maji?” Majirani wote wakakaribisha, wakapandisha magodoro darini. Mimi, mpunga wangu wa bondeni ukiwa haujavunwa, nikanyamaza nikitafuna muhogo.

“Hodi!” ikaita tena, safari hii kwa sauti ya chini.

“Itikia, Baba Chausiku,” akasema Siwatu, mke wangu.

“Aa, mgeni muungwana akibisha mara tatu bila kujibiwa, hurudi kwao.”

“Haya. Na ukuta wa bwawa ukipasuka, nao utabisha mara ngapi?”