Kabla ya Mkasi

Marehemu mama, fundi cherehani, hakukata kitambaa cha mtu bila kumwomba Mungu. Aliinama juu ya meza, mkasi mkononi, akanong'ona, "Mapenzi yako yatimizwe," kisha akanyamaza.

"Mungu anakujibu nini, mama?" binti aliwahi kumuuliza.

"Sijamsikia hata siku moja, mwanangu. Nangoja mkono uache kutetemeka, basi."

Sasa binti ndiye fundi, na mlangoni amesimama baba aliyewatelekeza zamani, koti limechanika begani.

Amfukuze? Alifumba macho, akaomba ishara. Kimya kilekile cha mama kikajaa chumbani.

Akachukua sindano, angalau apate pa kuangalia. Uzi ukapita tunduni mara moja.

"Vua koti, baba," akasema.