Kola ya Madame

Constance, mshonaji mweusi wa mtaa wa Kamalondo, alikuja kwenye foire, maonyesho ya biashara, kununua mashine ya kushona, naye hakutaka kununua kwa macho tu. Asubuhi nzima alizunguka vibandani akijaribu moja baada ya nyingine, hadi akaipata iliyokimbia laini kuliko zote. Akazungusha gurudumu, akashona mstari kwenye kitambaa cha majaribio.

"Iko muzuri, Bwana. Nitakamata hii."

Muuzaji, Mbelgiji mnene, alilowesha pamba kwa spiriti, akasugua gurudumu, kisha kiti alichokalia Constance. Kile kitambaa alikiinua kwa ncha za vidole viwili, akakitupa kwenye pipa la taka.

"Sugua tena," mkewe alimwambia, leso puani.

Harufu ya spiriti ilimkaa Constance kooni. Alimtazama yule mke, akaitambua robe, gauni la kola alilovaa: Constance mwenyewe ndiye aliyeishona, kwa oda ya duka la mjini.

"Madame, hii robe ni mimi nilishona. Kila uzi niliipitisha mu sindano na mate ya kinywa yangu."

Mkono wa Madame ulipanda shingoni, ukaanza kuivuta kola mbali na ngozi.