Kofia ya Kiduchu

Kwa miaka kumi na mitano Bi Mwanakheri alimvika kikaragosi wake Kiduchu kofia ya kijani, akawaambia watoto wa kipindi chake cha televisheni ni nyekundu. Kitambaa chekundu kilikosekana, na televisheni za mji ule zilionyesha nyeusi na nyeupe tu. Leo yalianza matangazo ya rangi.

"Sema kijani, Bi, yaishe," mkuu wa kituo alimwagiza.

Taa ya kamera ikawaka.

"Watoto, kofia ya Kiduchu ina rangi gani?" Bi Mwanakheri aliuliza kwa sauti ya Kiduchu.

Akanyamaza, akihesabu kimoyomoyo hadi nne kama kawaida yake, ili walioko majumbani wajibu.

Nyuma ya kamera, fundi Shekue, aliyemtazama Kiduchu tangu utotoni, aliikodolea macho kofia ile ya kijani.

"Nyekundu," akajibu taratibu.

Hesabu ya nne ikapita. Mdomo wa Kiduchu ulikuwa bado wazi.