Baki Lisilo Sifuri

Kompyuta ilichambua mlinganyo wa mawimbi kwa siku tatu, ikatoa jibu: baki si sifuri. Maana yake, mawimbi mawili yakigongana hayatoki mazima. Na makala yao ilikuwa imeshaandikwa kwamba yanatoka.

Profesa Mgaya aliweka paja lake la kuku juu ya karatasi za mwanafunzi wake Sikudhani, akavuta kibodi, akafuta kipande kimoja cha mlinganyo kwa kidole kinachong'aa mafuta. Akaendesha programu upya. Sifuri.

"Umeona? Kalikuwa kadogo tu, kanatusumbua bure."

"Lakini Profesa, kwenye makala mlinganyo ni ule ule wa mwanzo."

"Sasa nani atarudia hesabu ya siku tatu, binti yangu?" Akalamba kidole. "Tuma. Jina lako limo."

Alipotoka, Sikudhani alikitazama kitufe cha kufutia. Kilikuwa na alama ya kidole na unyuzi wa nyama. Akafungua makala, akapeleka kishale mwisho wa jina lake, akafumba macho, akaweka kidole palepale penye mafuta.