Bangili ya Rubani Namsifu

Ijulikane kwa walio angani na walio ardhini kwamba Sheria ya Bangili ilitungwa kwa hekima kuu: injini ikipata joto, bangili imchome rubani, asije akapuuza kipimo. Nyumbani kwa rubani Namsifu, hekima hiyo ilimaanisha kwamba mwanawe Mbonea alimpaka dawa ya kuungua kila Jumamosi.

Siku ya kufungua shule, Namsifu alikuwa akimrudisha Mbonea bwenini kwa ndege yake ndogo. Mara mshale wa kipimo cha joto la oili ukaruka hadi kwenye alama nyekundu. Bangili ikawaka, ngozi ikafuka moshi, na mama akajipigiza kichwa dirishani hadi damu ikamtoka.

"Tugeuze, mama," Mbonea akasema, upesi mno.

"Nyamaza." Alipunguza nguvu ya injini, akasoma vipimo vingine huku akisaga meno. "Presha ya oili iko sawa. Injini haitetemeki. Hapa ninayeungua ni mimi tu."

Bangili haifunguki mpaka ndege isimame, na uwanja wa karibu ulikuwa mwendo wa dakika ishirini. Harufu ya nyama ilijaa pua za Mbonea.

"Mbonea, asubuhi ulikuwa unatafuta nini kwenye injini?"

Mbonea alidhani bangili ingemchoma mama kidogo tu, kama siku zote, kisha warudi nyumbani wakale pilau.

"Ni mimi, mama. Nilizungusha karatasi ya kung'aa ya chingamu kwenye waya wa kipimo cha joto, kidanganye."

"Basi itoe."

"Iko nje, mama. Chini ya boneti."